Umestaafu na unataka kwenda Palestina kujitolea? Soma hii kwanza

Wazee wenzangu naomba tuongee kidogo. Tupo wengi wa miaka 60 kwenda juu, watoto washajitegemea, asubuhi hakuna bosi wa kukuuliza uko wapi, na kila ukifungua simu unakuta Wapalestina wamebomolewa nyumba au wamekatiwa mizeituni, unabaki unajiuliza hivi mimi nifanye nini zaidi ya kusambaza video. Kazi ipo, ya amani kabisa, hakuna silaha hakuna mawe, na mambo mengi ndani ya hiyo kazi mtu mzima anayaweza kuliko kijana. Ila ina utaratibu wake na ina hatari zake, ukienda kichwa kichwa unageuka mzigo kwa walewale uliotaka kuwasaidia.

Kwanza tukubaliane unakwenda wapi. Unakwenda Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu Mashariki. Gaza sahau kwa sasa, labda uwe daktari au nesi uliyepelekwa na shirika lenye kibali. Kuna waliojaribu kwa meli, wengine wazee kabisa, lakini mwaka 2010 kwenye meli ya Mavi Marmara makomandoo wa Israel waliua watu tisa na wa kumi akafa baadaye kwa majeraha, na msafara mkubwa wa Sumud wa 2025 wenye boti zaidi ya 40 ulizuiwa baharini na mamia ya abiria wakakamatwa. Siwakatazi, ila hiyo ni safari nyingine na inataka mwongozo mwingine.

Kazi yenyewe ni ipi

Kwa kifupi ni kuwepo. Najua inasikika kama kitu kidogo ndio maana nataka nieleze vizuri.

Tangu makubaliano ya Oslo ya 1995 kati ya Israel na Wapalestina, Ukingo wa Magharibi umegawanywa maeneo A, B na C, na hilo C ambalo ni kama asilimia 60 ya ardhi yote liko chini ya Israel moja kwa moja, ulinzi, ujenzi, kila kitu. Humo ndimo kwenye vijiji vidogo, wafugaji, mashamba, na ndimo makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kwenye ardhi hiyo, yalimojengwa. Sasa Mpalestina wa pale anahukumiwa kwa sheria za kijeshi, jirani yake mlowezi anahukumiwa kwa sheria za kiraia za Israel, kwa hiyo mkulima akipigwa shambani kwake akienda kushtaki anaweza kujikuta yeye ndio mahabusu. Mgeni mwenye pasipoti ya nje akiwa amesimama pale na simu inarekodi, hesabu inabadilika kidogo. Mlowezi anajua kuna video, askari anajua kuna ubalozi utapiga simu. Haizuii kila kitu, na tangu Oktoba 2023 vita vya Gaza vilipoanza inazuia kidogo kuliko zamani, lazima niseme ukweli, lakini wenyeji wenyewe bado wanaomba watu waje na wao ndio wanaojua.

Mfano mzuri ni watoto wa kijiji kidogo cha Tuba, huko milima ya kusini mwa Hebron. Njia yao ya kwenda shule At-Tuwani inapita karibu na makazi ya walowezi, walikuwa wanashambuliwa, wakaja wageni wa kuwasindikiza, na mwaka 2004 wageni wenyewe wakapigwa vibaya na watu waliofunika nyuso. Kelele zikawa kubwa mpaka ikaamriwa jeshi la Israel liwe linawasindikiza watoto. Basi baada ya hapo kazi ya mavolontia ikawa kukaa kilimani kuangalia kama jeep ya jeshi imefika kwa wakati na kuandika kwenye daftari kama haikuja, asubuhi na mchana, mwaka mzima. Fikiria hiyo kazi. Kijana wa miaka 22 siku ya tatu ameshachoka anataka maandamano. Wewe uliyekaa foleni za hospitali na benki maisha yako yote unaiweza.

Mbali na watoto wa shule kuna mavuno ya zeituni, Oktoba na Novemba, hapo ndipo wanahitajika watu wengi zaidi. Kuna kupanda miche Februari. Kuna kufuatana na wafugaji wa kondoo malishoni, hii ni ya wenye miguu. Kuna kulala kwenye kijiji kinachoogopa kuvamiwa usiku. Kuna kusimama kwenye vizuizi vya kijeshi alfajiri kuhesabu wanaopita na wanaorudishwa. Kuna kufundisha Kiingereza, Nablus kwa mfano kuna shirika la Project Hope linafanya hivyo tangu 2003, na kama ulikuwa mwalimu hapo usijidharau, mwalimu mstaafu ni dhahabu.

Kitu kimoja cha kuweka kichwani: hawa watu hawasubiri wewe uje uwafundishe amani. Beit Sahour mwaka 1989 mji mzima uligoma kulipa kodi kwa jeshi, wakanyang'anywa mpaka fanicha na mashine za kazi, hawakurusha jiwe. Kijiji cha Bil'in waliandamana kila Ijumaa kuanzia 2005 kupinga ukuta wa Israel uliokata ardhi yao, mahakama kuu ya Israel ikaamuru mwaka 2007 ukuta uhamishwe, ukahamishwa 2011. Wewe unakwenda kuongeza macho na mikono kwenye kitu kilichoanza zamani na kina wenyewe.

Na uzee je?

Hapa ndipo watu wanapokwama, wanasema mimi na magoti haya. Nawatajia Hedy Epstein. Alizaliwa Ujerumani 1924, Myahudi, wazazi wake waliuawa na Wanazi yeye akaokolewa akiwa mtoto kwa kupelekwa Uingereza. Alifika Ukingo wa Magharibi mara ya kwanza mwaka 2003, ana miaka 79! Akarudi tena na tena. Desemba 2009 alikuwa Cairo na msafara wa kwenda Gaza, Misri ikawazuia, yule bibi akiwa na miaka 85 akaanza kugoma kula. Au waangalie akina mama wa Israel wa MachsomWatch, kikundi kilichoanza 2001, wengi wao ni mabibi waliostaafu, wanakwenda kwenye vizuizi kusimama, kuangalia na kuandika, na askari wa miaka 19 kumfokea mtu anayefanana na bibi yake inamuwia vigumu. Hiyo ndiyo silaha ya mvi, kama tunaweza kuiita silaha.

Upande wa pili nao uusikie. Mvi hazizuii risasi. Rachel Corrie, Mmarekani wa miaka 23, alikanyagwa na tingatinga la jeshi Rafah, Gaza, tarehe 16 Machi 2003 akizuia nyumba isibomolewe. Ayşenur Ezgi Eygi, miaka 26, alipigwa risasi ya kichwa kijiji cha Beita, Ukingo wa Magharibi, tarehe 6 Septemba 2024, alikuwa amesimama kwenye shamba la mizeituni. Rabi Arik Ascherman, mtu mzima aliyekuwa amewasindikiza wakulima, mwaka 2015 alifukuzwa na kijana mwenye kisu kilimani na picha zipo. Na wanaokufa zaidi kwa mbali sana ni Wapalestina wenyewe, kama mwalimu Awdah Hathaleen wa Umm al-Khair, aliyekaribisha wageni wengi kijijini kwao, akapigwa risasi na kufa Julai 2025. Ukishayasoma haya moyo ukasema bado nataka, endelea. Ukisita, kusita pia ni akili, zipo kazi nyingine nitazitaja.

Kutafuta kikundi

Usiende peke yako. Narudia, usiende peke yako ukafika Ramallah na begi unauliza watu nisaidie wapi.

International Solidarity Movement ipo tangu 2001, inaongozwa na Wapalestina, masharti yake ni kutotumia nguvu na kufuata wenyeji wanachotaka, unapewa mafunzo kwanza. Hawa wako mstari wa mbele kabisa, ukijiunga nao ujue hivyo, pia Israel haiwapendi hata kidogo. Mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni unaoitwa EAPPI ulianza 2002, kwa kawaida unakaa miezi mitatu, una vizibao vyao, ripoti, ratiba, na unaomba kupitia ofisi yao ya nchi fulani fulani, kwa hiyo inachukua muda mrefu na usaili upo. Kwa mstaafu anayependa utaratibu naona huu ndio unaomfaa zaidi, na wastaafu wengi wamepita humo. Community Peacemaker Teams wako Hebron tangu 1995, Operation Dove ya Waitalia wako At-Tuwani tangu 2004. Rabbis for Human Rights, Waisraeli, wanapeleka watu kwenye mavuno kwa siku moja moja, unakwenda asubuhi unarudi jioni, hiyo ni njia nzuri ya kujipima. YMCA na YWCA kule Beit Sahour wana kampeni ya mizeituni, Februari kupanda na Oktoba kuchuma, inakuwa kama ziara ya kikundi yenye malazi ya maana. Halafu kuna shamba la familia ya Nassar karibu na Bethlehemu, Tent of Nations, babu yao alinunua ardhi 1916, serikali ikasema 1991 ni ardhi ya umma, kesi haziishi, na wao wameandika kwenye jiwe mlangoni kwamba wanakataa kuwa maadui. Wanapokea wageni wa kufanya kazi shambani.

Kikundi chochote kile kihoji kabla hakijakuhoji. Nani kijijini kawaita? Nani anaamua tuondoke saa ngapi, nyie au mwenye shamba? Nikikamatwa wakili ni nani na nani anamlipa? Mnachukua umri gani mwisho? (Wengine wana kikomo, bora uambiwe mapema kuliko ushanunua tiketi.) Nitalala wapi, kuna zamu za usiku, na nikisema leo siwezi itakuwaje? Wakijibu hovyo hovyo tafuta wengine. Kikundi kinachokuambia hakuna hatari yoyote mzee wangu wewe njoo tu, hicho kikimbie.

Mwili

Sitaki kukutisha ila mwili wetu tunaujua. Jipime hivi: tembea mlimani saa moja kwenye mawe mawe na mzigo mdogo mgongoni, kaa chini sakafuni uinuke bila kushikwa mkono, lala wiki nzima kwenye godoro jembamba lililotandikwa chini, uamshwe saa nane usiku mara mbili na asubuhi uwe na akili timamu. Vikikushinda vyote hiyo haimaanishi usiende, inamaanisha uombe kazi ya kukaa, na kazi za kukaa zipo. Choo cha kuchuchumaa nacho ukifanyie mazoezi, hakuna anayeandika hili kwenye fomu lakini magoti yatakukumbusha.

Daktari umwambie ukweli unakwenda wapi. Dawa za presha au sukari beba za muda wote na ziada ya wiki kadhaa, ziwe kwenye pakiti zake za asili, na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa sio jina la kibiashara tu. Gawa sehemu mbili, begi la mkononi na begi kubwa. Kila siku ukitoka uwe na dozi ya siku mbili mfukoni, kwa sababu kizuizi kinaweza kufungwa ghafla ukalala kijiji ambacho hukupanga au ukalala kituo cha polisi. Insulini uulize kabla kuhusu friji na umeme, vijiji vingi vya eneo C havijaunganishwa na gridi, vinaishi kwa sola.

Pumu, moyo, mapafu: mabomu ya machozi sio mchezo kwa mtu mwenye hivyo. Ukiwa na pumu kaa mbali na maandamano, simple. Wengine wote, mkipigwa moshi angalia upepo unatoka wapi utembee kuukata, usikimbie maana wazee tukikimbia tunaanguka, usisugue macho, vaa miwani ya kawaida sio lensi za kubandika. Mabomu ya kishindo yanaumiza masikio, kama unatumia kifaa cha kusikia beba betri na cha akiba kama unacho. Meno ya bandia beba gundi yake, usicheke, siku tatu bila meno hujala kitu.

Hali ya hewa watu wanakosea sana. Wanadhani Mashariki ya Kati ni jangwa na joto tu. Hebron iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, Januari kuna baridi ya kuingia mifupani na miaka mingine theluji, nyumba hazina hita. Julai na Agosti jua ni kali. Ukiweza kuchagua nenda Oktoba.

Bima ndio maumivu ya kichwa. Bima nyingi za safari zina mstari mdogo unaosema vita na vurugu hazimo, na umri wa juu ya 70 bei inapaa au wanakukataa kabisa. Soma huo mstari mdogo, piga simu uulize waziwazi Ukingo wa Magharibi umo au haumo, jibu ulipate kwa maandishi.

Kuingia

Hakuna mpaka wa Palestina. Njia zote za kufika Ukingo wa Magharibi zinashikwa na Israel, iwe uwanja wa ndege wa Ben Gurion au daraja la Allenby ukitokea Jordan, na hilo daraja hufungwa bila taarifa kwa hiyo angalia siku ile ile. Kama pasipoti yako haihitaji viza, tangu 1 Januari 2025 unatakiwa kuomba idhini ya mtandaoni inayoitwa ETA-IL kabla ya kupanda ndege, ada ni shekeli 25. Kama inahitaji viza unaanzia ubalozini na uanze mapema mno. Viza ya utalii mwisho miezi mitatu, na sikuhizi hawagongi muhuri kwenye pasipoti, wanakupa kikaratasi, usikipoteze maana utadaiwa kwenye vizuizi na hotelini.

Kuna sheria ya 2017 inayoruhusu kumzuia mgeni aliyetangaza hadharani kuisusia Israel, na baadaye ikaongezwa makali. Watu wanahojiwa masaa, wenye majina ya Kiislamu au ya Kiarabu wanahojiwa zaidi, hilo linajulikana. Usidanganye. Kwanza ni kosa, pili uongo kwa umri huu tunausahau wenyewe katikati ya maswali. Jibu fupi, la kweli, kwa upole, usihutubie. Kabla ya safari ongea na kikundi chako na wakili wao kuhusu namna ya kujibu, wao ndio wanajua hali ya mwezi huo. Na ukumbuke simu yako inaweza kutakiwa, kwa hiyo usiingie na majina na namba za wanakijiji, wao ndio watakaoumia sio wewe.

Halafu jiandae kiakili kwamba unaweza kurudishwa kutoka uwanjani kwa ndege inayofuata, au kufukuzwa ukiwa ndani. Oktoba 2025 wageni 32 walikamatwa kijiji cha Burin karibu na Nablus, walikuwa wamekuja kuchuma zeituni tu, ikatolewa amri ya kuwafukuza nchini. Marufuku ya kurudi huwa ya miaka mingi, na kwa mtu wa miaka 68 kuambiwa miaka kumi unaelewa hesabu yake. Kama Yerusalemu ni hija uliyokuwa unaiota maisha yako yote, fanya hija kwanza. Pesa vilevile, weka ile ambayo ikipotea pensheni yako haitetereki.

Ukishafika

Pesa ni shekeli, keshi. Usafiri ni zile teksi za njano za watu saba nane wanaziita servees, zinaondoka zikijaa, dereva anajua kila kitu, mwambie jina la kijiji tu. Dini zote vaa heshima, mabega na magoti yafunikwe, kwenye salamu wanawake na wanaume msubiri kuona mwenyeji ananyoosha mkono au anaweka kifuani. Chai ya majani ya maramiya utakunywa mpaka uchoke, kataa ukiweza ila hutaweza. Watakuita hajj au hajja hata kama hukuwahi kwenda Makka na watakupisha kiti. Kikubali. Uzee kule una heshima yake na hiyo inafungua milango ambayo volontia kijana anapiga hodi wiki nzima.

Picha uliza kwanza, wanawake na watoto hasa. Usirushe mtandaoni sura ya mtu wala jina la kijiji siku hiyo hiyo bila ruhusa ya wenyeji, kuna watu wamevamiwa usiku kwa sababu ya posti. Hapa wazee wenzangu tuna ugonjwa wa kusambaza kila kitu kwenye magrupu ya WhatsApp, tuuache nyumbani.

Siku ya zeituni inavyokwenda: mnaondoka alfajiri, mashamba yaliyo karibu na makazi ya walowezi au nyuma ya ukuta jeshi huwapangia wakulima siku chache tu za kuingia, kwa hiyo kila saa inahesabika. Wanatandika maturubai chini ya mti, vijana wanapanda ngazi, wengine wanachana matawi kwa vichana vya plastiki, zeituni zinadondoka. Mzee unakaa chini kwenye turubai unachagua majani na vijiti, mikono inafanya kazi na macho yanaangalia kilima. Hiyo ni kazi kamili wala sio kazi ya kuonewa huruma. Siku zote wawili angalau wawe wanaangalia juu kwa zamu, simu zimejaa chaji, na mmekubaliana nani ataongea na askari, mtu mmoja tu, sio wote mnabwabwaja.

Wakija walowezi hamrushi kitu, hamtukani, hamgusi mtu. Rekodi simu ikiwa imelala upande, sema kwa sauti tarehe, saa na mahali, chukua namba za magari na sura. Simama karibu na wenyeji lakini usijipachike mbele kabla hawajataka, maana kuna wakati uwepo wako unawasha moto badala ya kuuzima. Akija askari akisema eneo limefungwa kijeshi, msemaji wenu anaomba kwa adabu kuona karatasi, inatakiwa iwe na ramani, tarehe na sahihi. Mara nyingine hawana. Mara nyingine wanaandika pale pale. Mwenye shamba akisema tuondoke, mnaondoka, hata kama wewe damu imechemka na unaona ni uonevu. Ni mti wake, ni yeye atakayebaki pale usiku mkiwa mmerudi mjini, ugomvi ulioanzisha wewe saa tano asubuhi yeye ataulipa saa saba usiku.

Ukikamatwa: kwa kawaida askari jeshi anakuzuia hapo mpaka polisi waje, polisi ndio wanakukamata rasmi. Usivutane, ukianguka nyonga ikavunjika habari inabadilika kabisa. Omba wakili, omba ubalozi wako uarifiwe, sema una ugonjwa gani na dawa ziko mfuko upi, na usisaini karatasi ya Kiebrania usiyoielewa. Namba ya wakili iandike kwa kalamu mkononi, simu watachukua.

Nyumbani kabla hujaondoka andika wosia kama hujaandika, mwachie mtu mmoja unayemwamini nakala ya pasipoti, bima, namba za kikundi, na mkubaliane saa ya kutuma ujumbe kila jioni. Watoto watapinga. Mwenzi wako naye aulizwe kweli, asipewe taarifa.

Kama daktari amesema hapana, au umerudishwa mpakani, kazi haijaisha: mazungumzo ya Kiingereza na wanafunzi wa kule kwa video, kulipia miche kupitia kampeni ya Beit Sahour, kuandika ripoti za wanaorudi. Walioko uwanjani wana daftari zilizojaa na hakuna wa kuzichapa, mtu mwenye subira na kompyuta anahitajika kila mwezi wa mwaka.

Na anayelenga mavuno ya Oktoba aanze kuandika barua pepe kwa vikundi mwezi wa tatu au wa nne. Usaili, daktari, bima, viza, mafunzo, vyote vinakwenda polepole na havisubiriani, ukianzia Agosti utafika mafuta yameshakamuliwa.